Eti Yule Mjapani Ndiye Aliyewavunja!

Loo, salaale! Hivi wewe msomaji umeshamsikia mtu akimhukumu mwanamke ambaye hajamtia machoni, wa nchi ambayo hajaikanyaga, kwa jambo lililotokea kabla yeye hajazaliwa, na hukumu ikatoka kabla kahawa haijapoa kikombeni? Usiniambie hujamsikia. Kila kijiwe kina hakimu wa namna hiyo. Chetu kina watatu, na hukumu zao hazina rufaa.

Juzi baada ya alasiri tumekaa barazani, Mji Mkongwe, muuza kahawa ameshatua dele lake, kashata zinapita mkono kwa mkono. Akaja papasi mmoja, kijana wa watu mwenye adabu zake, ametoka kuwatembeza wageni Shangani kwenye ile nyumba iliyofanywa makumbusho ya mwimbaji Freddie Mercury. Freddie kwetu ni mtoto wa mtaa, hilo halina mjadala: kazaliwa hapa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, akapelekwa skuli India, na mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza. Sasa kijana anatuhadithia kwamba wageni wake wamegombana njia nzima kwa ajili ya Mary Austin, yule aliyekuwa mchumba wa Freddie enzi hizo. Eti mwanamke gani yule! Kaachiwa jumba London, kaachiwa mali, mwisho kavitoa vitu vya marehemu mnadani, mpaka piano!

Ah! Petroli imekutana na kiberiti. Kinyozi akaweka kikombe chini. "Tamaa hiyo," akasema. Fundi redio akadakia: "Kwani si alikuwa muuza duka tu yule?" Muuza duka tu! Jamani, tangu lini kuuza nguo dukani kukawa doa la mtu? Nusu ya wanaokaa baraza ile wanakula kwa duka, na mkwe wa fundi mwenyewe anauza vitenge Darajani.

Nikasonya. Ule msonyo mrefu unaoanzia kwenye gego la mwisho. Nikawaambia: nyie watu, Mary katoka familia ya kimasikini ya London, baba kiziwi na mama kiziwi, akajifunza tangu utotoni kuzungumza nao kwa mikono. Kampata Freddie wakati Freddie hana mbele wala nyuma, wanapanga chumba na pesa ya kubana. Mwaka 1976 mapenzi yakaisha, urafiki ukabaki, na ulibaki mpaka Freddie anafariki tarehe 24 Novemba 1991, Mary yuko karibu naye. Nyumba kaachiwa kwa wasia. Majivu ya maiti alikabidhiwa yeye, na mpaka leo mahali alipoyaweka hajamwambia mtu. Vitu vile kakaa navyo zaidi ya miaka 30, kavifuta vumbi, kavilinda na nondo, ndipo Septemba 2023 akavipeleka jumba la mnada la Sotheby's, vikauzwa kwa jumla ya pauni milioni 40 hivi, na sehemu ya fedha ikaenda kwenye mifuko ya kupambana na UKIMWI. Sasa mtu na wasia wake mkononi, mnataka awaombe ruhusa nyinyi wanywa kahawa?

Hawakunijibu hilo. Wakakimbilia kwingine, kama ilivyo kawaida ya kijiwe: ukishindwa kesi moja unafungua nyingine. Na kesi yenyewe mnaijua. Kinyozi akanyoosha kidole juu kama khatibu: "Basi huyo tumwache. Lakini yule Mjapani! Yule Mjapani ndiye aliyeivunja Beatles!"

Yarabi toba. Yoko Ono tena! Huyu mama kazaliwa Tokyo mwaka 1933, ameshapita miaka 90, na bado kuna watu wanaamka asubuhi, hawajapiga mswaki, wanamdai bendi iliyokufa mwaka 1970.

Tuanze na mashtaka, tusije tukaambiwa tumemficha mtu wetu. Eti alipokutana na John Lennon wa Beatles alikuwa ameshaolewa mara mbili. Kweli. Eti alikuwa na mtoto. Kweli, binti, Kyoko. Eti kampita John miaka saba. Kweli. Eti aliwahi kulazwa kwa wagonjwa wa akili huko kwao Japani, mwaka 1962. Kweli pia. Huku kwetu wangemaliza kwa neno moja: limbwata. Kamlisha John limbwata, kamtia kwenye chupa, kaziba na kizibo. Waingereza hawana neno limbwata, lakini waliyoyaandika magazetini mwao miaka ile maana yake ni hiyo hiyo, wakaongezea na matusi ya rangi na ya sura yake ambayo mimi kalamu yangu haitayagusa.

Haya, na John je? John naye ana mke, Cynthia. Ana mtoto, Julian. Mwezi Mei 1968 Cynthia anarudi kutoka safari ya Ugiriki, anafungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, anawakuta John na Yoko wamekaa, bibie kavaa joho la kuogea. Tobaa! Hapo hata mimi nilishika kichwa, na sitawaambia kwamba Yoko alifanya uungwana. Hakufanya. Lakini nauliza, na mnijibu taratibu: ndoa ile ilikuwa ya nani? Aliyekula kiapo kwa Cynthia ni Yoko, au ni John? Aliyemwacha Julian akimtafuta baba kwenye santuri ni nani? John mwenyewe alikiri mwaka 1980, kwenye mahojiano, kwamba ujanani alikuwa akipiga wanawake. Kakiri kwa kinywa chake. Mtu akisimulia hilo barazani utasikia: "Masikini, alilelewa na shangazi, mama kamfia akiwa kijana, maumivu hayo." Maumivu! Ya John yanaitwa maumivu. Ya Yoko yanaitwa kisirani.

Na bendi yenyewe, jamani, waliivunja kwa mikono yao minane. Meneja wao, Brian Epstein, kafa Agosti 1967, ana miaka 32 tu, na tangu siku hiyo jahazi likawa halina nahodha. Agosti 1968 Ringo, mpiga ngoma, mpole wa wapole, akachoka akaondoka, akaenda zake kupanda mashua Sardinia. Wiki mbili baadaye anarudi anakuta ngoma zake zimepambwa maua. Januari 1969 akaondoka George. Akarudi. Mwaka huo huo wakagombania meneja mpya: watatu wanamtaka Allen Klein, Paul, wa nne wao, anawataka wakweze, na wewe unajua ugomvi wa pesa ukishaingia na wakwe wakaingia, hata ndugu wa tumbo moja hawaponi. Septemba 1969 John akawaambia wenzake kwamba yeye basi. Aprili 1970 Paul akatangaza. Desemba 31 mwaka huo Paul akafungua kesi mahakamani. Hesabu vidole hivyo na unionyeshe ni kidole gani cha Yoko.

"Alikuwa anakaa studio," akasema fundi redio. Alikaa, ndiyo! Mwaka 2021 ilitoka filamu ya Peter Jackson, saa karibu nane, imetengenezwa kwa picha za Januari 1969, na kila mwenye macho aliona. Yoko yuko pale pembeni ya John, anasoma gazeti. Anasoma gazeti, watu wa Mungu! Wanaume wanne wanachoka wao kwa wao, mwanamke anafunua ukurasa wa michezo au wa mapishi sijui, na lawama zikamwangukia msoma gazeti. Humo humo kwenye filamu Paul anataniana na wenzake kwamba itakuwa kichekesho baada ya miaka 50 watu wakisema Beatles ilivunjika kwa sababu Yoko alikalia spika. Na ndicho walichosema. Mwaka 2012 Paul huyo huyo kamwambia mtangazaji David Frost waziwazi kwamba Yoko hakuivunja bendi. Sasa wewe kinyozi unajua kuliko Paul?

Mwenyewe akaguna. Akasema Paul kasema hivyo kwa heshima ya marehemu. Unaona! Mtu akishaipenda lawama yake hata mwenye bendi hawezi kumtoa.

Halafu niwape kisa kimoja cha haraka, maana kitawakwamisha kashata kooni. George huyo huyo wa Beatles alikuwa na mke, Pattie Boyd. Rafiki yake kipenzi, Eric Clapton, akamtamani mke wa rafiki yake. Akamtamani mpaka akamtungia wimbo, na wimbo ule mwaka 1970 ukawa albamu nzima, na mpaka leo unapigwa redioni watu wakitikisa vichwa kwa raha. Kumtamani mke wa rafikiyo! Huku kwetu ungehamishwa mtaa. Pattie baadaye akaachana na George, ambaye naye alikuwa ametembea na mke wa Ringo (Subhana Allah, watu wanne mnashindwaje kuheshimiana?), akaolewa na Clapton mwaka 1979. Kwenye sherehe ya harusi, huko nyumbani kwa bwana harusi, nani kapanda jukwaani kupiga gitaa? Mtaliki! George mwenyewe, na Paul, na Ringo kwenye ngoma. Nimeishi mjini miaka yote hii sijaona mtaliki anayetumbuiza harusi ya mtalaka wake. Ila kilichonishangaza zaidi ni hiki: katika kisa chote hicho, wanaume waliitwa wasanii wenye hisia nzito, na Pattie akaulizwa kwa miaka 40 aliwezaje kuhama kutoka huyu kwenda kwa yule.

Haya ndiyo nisemayo. Jana ya mwanamume hutiwa gitaa ikawa wimbo. Jana ya mwanamke hutiwa jalada ikawa kesi. Chumba kimoja, usiku mmoja, sindano moja, na hukumu mbili.

Na ukitaka kuona hukumu mbili zikitoka katika chumba kimoja kweli kweli, njoo kwa Marianne Faithfull. Hapa dunia inakuwa ndogo kama kisahani: ile nyumba ya sanaa ya London, Indica, ambamo John alikutana na Yoko Novemba 1966, mmoja wa wenye nayo alikuwa John Dunbar, na John Dunbar ndiye baba wa mtoto wa Marianne. Marianne mwenyewe mwimbaji, ana jina lake kabla ya kuwa wa Mick Jagger wa Rolling Stones. Wimbo wake wa kwanza ulivuma mwaka 1964 akiwa na miaka 17. Lakini mwambie mtu "Marianne" atakwambia "yule wa tandiko".

Tandiko lenyewe: Februari 1967 polisi walivamia nyumba ya Keith Richards, mwenzake Mick kwenye bendi, iitwayo Redlands, kule Sussex, wakitafuta dawa za kulevya. Ndani wanaume kadhaa, mwanamke mmoja. Marianne katoka kuoga, hana nguo safi ya kubadili, kajitanda tandiko la manyoya. Basi! Kesi ilipofika mahakamani ikawa haijulikani kinachoshtakiwa ni vidonge au ni tandiko. Hawakumtaja jina, wakamwita Bibi X, kama kwamba dunia nzima haijui. Na uzushi mwingine ukatungwa juu yake usiku ule, mchafu kiasi ambacho sitauweka kwenye karatasi inayoweza kufungiwa mandazi ya watoto. Ulimfuata mpaka uzeeni.

Tumpe Mick haki yake: vile vidonge vinne alivyoshtakiwa navyo vilikuwa vya Marianne, na Mick akasema ni vyangu. Uungwana huo. Kahukumiwa miezi mitatu, Keith mwaka mmoja. Mara gazeti zito la wazito wa Uingereza, The Times, likaandika tahariri kumtetea Mick. Kabla Julai haijaisha, rufaa ikawaondolea kifungo wote wawili. Wakatoka kwenye kesi ile wakubwa kuliko walivyoingia. Mwaka 2003 Mick kapewa cheo, sasa ni Sir.

Na Bibi X? Hakuna gazeti lililomtetea Bibi X. Mwaka 1970 akanyang'anywa ulezi wa mwanawe. Akaingia kwenye unga. Akawa teja wa kulala nje Soho, mjini London, mgongo ukutani, yeye aliyewahi kuwa uso wa mabango. Tunawajua mateja sisi, wapo hata vichochoroni kwetu, na sobahausi zetu zimejaa watoto wa watu, kwa hiyo simsimulii kama hadithi ya mbali. Mwaka 1979 akaibuka na albamu, sauti imekwaruzika kama mlango wa zamani wenye bawaba zenye kutu, na wenye masikio wakajua kwamba sauti ile haikununuliwa dukani. Kuna wimbo wa morfini alioshiriki kuutunga, Rolling Stones wakautoa kwenye albamu yao ya 1971, jina lake halimo. Kaligombania miaka na miaka ndipo likatiwa. Amefariki Januari 30, 2025, ana miaka 78. Na siku ile ile, kwenye taarifa za msiba, tandiko likatajwa. Jamani! Hata sanda haijakauka!

Naomba mtu asinitolee macho kwamba nawatakasa wanawake hawa kwa maji ya zamzam. Siwatakasi. Anita Pallenberg, aliyezaa na Keith watoto watatu, alitumia unga kama Keith, na watoto waliyaona ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Nasema hivyo na nafsi yangu inauma. Ila mizani iwe moja. Februari 1977 Keith kakamatwa Toronto, Kanada, na heroini ya kutosha kumfunga miaka mingi. Mnajua adhabu aliyopewa? Mahakama ilimwamuru afanye tamasha la hisani kwa ajili ya wasioona. Tamasha! Mwaka 1979 kaenda, kapiga gitaa, watu wamefurahi, deni limelipwa. Leo akipita, wanamsifu kwamba ni chuma, haoti kutu. Anita yeye waliishia kumwita mchawi. Mchawi! Nchi zenye reli za chini ya ardhi na vyuo vya miaka mia nane, wakikosa neno la mwanamke wanalifuata palepale linakokaa kwa bibi zetu wa shamba. Na kabla ya Keith alikuwa na Brian Jones wa bendi ile ile, aliyekuwa akimpiga. Kipigo kile kwenye vitabu vya roki kinapita kwa nusu sentensi, halafu kurasa tatu zinafuata juu ya uganga wake.

Wahenga wamesema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tumefika mbali zaidi: hatujui kitanda, hatujui kunguni, tunamjua aliyelala tu, na tunamhesabia mikwaruzo.

Nilipofika kwa Courtney Love, muuza kahawa akaniuliza kwa upole, "Huyu naye si ndiye aliyemuua mumewe?" Nikashusha pumzi mpaka meza ya bao ikatikisika. Kaka yangu, polisi wa Seattle walisema tangu Aprili 1994 kwamba mumewe, mwanamuziki Kurt Cobain, alijiua. Wakalipitia tena jalada mwaka 2014, wakasema vilevile. Lakini mjane kabandikwa neno lile na halibanduki.

Tazama hapa mizani inavyopinda. Kurt, wazazi wake waliachana akiwa na miaka tisa. Hakuna kitabu juu yake kisichoanza na talaka ile: jeraha, upweke, mtoto anahamishwa nyumba hii na ile, ndipo muziki ukazaliwa. Courtney, wazazi wake waliachana akiwa mdogo zaidi ya hapo. Naye kahamishwa nyumba hii na ile, kawekwa kwenye kituo cha kurekebisha watoto huko Oregon, kaingia ujanani akicheza uchi kwenye vilabu apate chakula. Kwake yeye hakuna aliyesema jeraha. Wamesema: "Unaona? Tangu mwanzo!" Mambo ni yale yale, kisu ni kimoja, kwa huyu tunaliona kovu na kwa yule tunaiona tabia.

Walimlaumu kwamba ndiye aliyemtia Kurt kwenye unga. Kurt aliuonja unga kwao Aberdeen, jimbo la Washington, miaka kadhaa kabla hawajakutana, na kaandika mwenyewe. Mwaka 1992 jarida kubwa likaandika kwamba Courtney alitumia unga akiwa na mimba, mtoto akazaliwa Agosti, wazazi wakanyang'anywa ulezi kwa wiki kadhaa. Watoto hawaguswi na unga, hapo mimi sina utetezi. Ila ndani ya nyumba ile walikuwa wawili, na aliyechorwa na pembe kichwani ni mmoja. Kurt kapatikana amekufa Aprili 8, 1994. Albamu ya bendi ya mkewe ikatoka Aprili 12, ilishapangwa zamani. Mwanamke ana siku nne za ujane na watu wanasema nyimbo zile kaandikiwa na marehemu. Siku nne! Eda haijaanza hata kueleweka!

Na la mwisho juu yake mlishike, maana ndilo linalonikera kuliko yote. Mwaka 2005, kwenye zulia jekundu, mtu alimwomba awape ushauri wasichana wanaokwenda Hollywood. Akasita kidogo, akasema anaogopa kushtakiwa, kisha akasema: Harvey Weinstein akikualika sherehe ya faragha hotelini, usiende. Kasema mbele ya kamera. Jina na pahala. Watu wakacheka, wakasema Courtney huyo, ameshaanza. Ikapita miaka kumi na miwili. Mwaka 2017 wanawake wengi wakajitokeza kusema mtayarishaji filamu yule kawadhalilisha, na baadaye Weinstein akashtakiwa, akatiwa hatiani. Kipande kile cha video kikatolewa kabatini na kila mtu akashangaa. Kwa nini hakusikilizwa siku ile? Kwa sababu alikuwa na jana. Mwenye jana akipiga ukelele wa mwizi, watu wanamnusa kwanza mdomo.

Na msidhani ni huko tu. Hapa hapa mtaani mwanamume akioa na kuacha mara nne anaitwa mzoefu, na posa yake ya tano inapokelewa na chai ya maziwa. Mwanamke akiachika mara mbili, wanamwita nuksi, mguu mbaya, na akipata mume wa tatu anayempenda, watu wanahesabu siku. Nimekaa baraza ile miaka 20 na ushei, nimewasikia wakisema hivyo juu ya dada zangu, nikanyamaza na kikombe changu mkononi. Sinyamazi tena.

Jua likawa linazama, muuza kahawa anakusanya vikombe, kinyozi bado hajakubali. "Sawa," anasema, "lakini huyo Yoko wako, alikuwa na nini hata John amng'ang'anie? Alikotoka kulikuwa na nini?"

Alikotoka. Sasa hilo ndilo swali, na ningetamani wangeliuliza kabla ya kumhukumu. Usiku wa kuamkia Machi 10, 1945, ndege za Marekani ziliichoma Tokyo kwa mabomu ya moto. Watu wapatao laki moja walikufa katika usiku mmoja. Yoko ana miaka 12, yuko kwenye handaki. Baba hayupo, vita vimemkwamisha Hanoi. Nyumba ya kitajiri, baba mfanyakazi mkubwa wa benki, lakini njaa haiulizi ukoo: mama kawapeleka watoto shamba, wakawa wanabadilisha vyombo vya nyumbani kwa mchele, na watoto wa shamba wanawacheka. Yoko na mdogo wake wa kiume wanalala chali, tumbo tupu, wanaangalia mbingu. Yoko anamwambia mdogo wake: tuvute picha ya chakula. Wewe unataka nini? Wakawa wanaagiziana vyakula kwa mawazo, sahani hii na ile, mpaka mdogo wake uso ukakunjuka. Kasimulia hayo mwenyewe mara nyingi, akasema huenda ndiyo kazi yake ya kwanza ya sanaa.

Mwaka 1964, kabla hajamjua John, katoa kitabu kidogo chenye maelekezo mafupi mafupi ya kumwambia msomaji avute picha ya hiki na kile. John alipotunga ule wimbo wake wa kuwataka watu wavute picha ya dunia isiyo na vita, ule unaoimbwa mashuleni na kwenye Olimpiki, alichota humo. Kakiri kwenye redio ya BBC Desemba 1980, siku mbili kabla hajauawa: kwamba wimbo ule ulistahili kuandikwa majina mawili, na kwamba jina la mkewe aliliacha kwa ubinafsi na uanaume.

Mwaka 2017 chama cha wachapishaji wa muziki Marekani kikatangaza kwamba Yoko Ono atambuliwe kuwa mtunzi mwenza. Wimbo ulitoka mwaka 1971.